Mwaminifu, si Muungwana: Historia ya Neno 'Honest' na Tatizo la Iago

Makala haya yanachunguza neno moja tu la Kiingereza, 'honest', pamoja na kazi linayoifanya katika tamthilia ya Shakespeare, Othello. Ni neno ambalo mwanafunzi wetu hulijua tangu shule ya msingi, na hulifasiri bila kusita kuwa 'mwaminifu' au 'mkweli'. Kutosita huko ndiko kunakotushughulisha. Katika semina moja ya uzamili, mwandishi wa makala haya aliwapa wanafunzi Onyesho la Tatu la Tendo la Tatu la tamthilia hiyo walitafsiri kwa Kiswahili. Tafsiri zilizorejeshwa zilikuwa na maneno sita mahali pa neno hilo moja: mwaminifu, mkweli, mnyofu, mwadilifu, msafi, mwenye staha. Kila mtafsiri aliweza kulitetea chaguo lake kwa kuzingatia muktadha wa mstari aliokuwa akiushughulikia, na aghalabu utetezi wake ulikuwa na mashiko. Hata hivyo, tafsiri hizo zilipowekwa pamoja ilidhihirika kwamba tamthilia yenyewe imetoweka. Mtego anaoutega Iago umesukwa kwa kulirudia neno lile lile. Likigawanywa mara sita, mtego haunasi kitu.

Hoja tunayoikusudia ni kwamba 'honest' katika Othello ni neno litokalo juu kwenda chini, yaani sifa ambayo mwenye cheo humpa asiye nacho, na kwamba mhakiki anayefikiri kwa Kiswahili ana nyenzo za kuliona jambo hili ambazo mhakiki wa Kiingereza hulazimika kuzifukua kamusini. Nyenzo hizo ni maneno mawili tuliyo nayo midomoni kila siku: mwaminifu na muungwana. Iago anapewa la kwanza katika kila ukurasa. Analolitaka ni la pili.

Safari ya neno

'Honest' lilitoka katika Kilatini, honestus, ambalo nalo limetokana na honos, heshima. Lilipitia Kifaransa cha kale likaingia Kiingereza mnamo mwaka 1300, zaidi ya karne mbili baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Mtu aliyeitwa hivyo wakati ule si lazima awe msema kweli. Alikuwa mtu wa kuheshimika, mwenye nafasi yake katika jamii, asiyeaibisha ukoo wake. Hata vitu viliweza kuitwa hivyo: vazi la kustahiki, makazi ya kustahiki. Neno lilieleza jinsi mtu anavyotazamwa na wenzake kabla halijaeleza yaliyomo moyoni mwake.

Kutoka shina hilo yalichipuka matawi. Kwa wanaume, neno lilielekea kwenye kauli na mali: mtu asiyedanganya wala kuiba. Kwa wanawake lilibanwa likabakia na maana moja, usafi wa mwili: bikira kabla ya ndoa, mke asiyetoka nje baada yake. Kwamba neno moja liliweza kumpima mwanamume kwa mkoba wake na mwanamke kwa kitanda chake ni jambo ambalo historia ya lugha huliweka wazi kuliko vitabu vingi vya historia ya jamii. Mwaka 1604 Thomas Dekker na Thomas Middleton walitoa tamthilia iliyoitwa The Honest Whore. Kichwa hicho hakina utani wowote kwa anayeijua maana ya ukweli tu. Kahaba anaweza kusema kweli kama mtu yeyote. Utani unazuka pale maana ya usafi inapogongana na jina la kazi yenyewe. Mwaka huo huo, tarehe 1 Novemba, Othello ilichezwa mbele ya mfalme kule Whitehall. Hadhira iliyolicheka neno hilo katika ukumbi mmoja ndiyo zama iliyolililia katika ukumbi mwingine.

Tawi la tatu ndilo lenye uzito zaidi kwetu. Neno lilikuwa limeshuka hadi likawa namna ya bwana kumsemesha mtu wa chini kwa wema: mtumishi, fundi, askari. Aliyeitwa hivyo alisifiwa kwamba ni wa kutegemewa, na papo hapo alikumbushwa kwamba hategemewi kwa jambo lingine lolote, si akili wala nasaba. Lilikuwa na upole ndani yake, na katika upole ule, chembe ya dharau. Baada ya ufalme kurejeshwa mwaka 1660 likapata pia maana ya uchangamfu: mtu wa wazi, asiyejisingizia utakatifu, mwandani mwema wa meza ya mvinyo. Thomas Rymer, alipoishambulia Othello mwaka 1693, alilalamika kwamba Iago si askari wa kweli kwa kuwa askari, kwa ada yao, ni watu wa moyo mweupe na maneno ya wazi. Rymer amekejeliwa sana na wahakiki waliomfuata, na kwa sehemu kubwa alistahili. Lakini hapa alikuwa amelisikia neno vizuri kuliko alivyojua: hiyo ndiyo picha ya askari ambayo Othello anayo kichwani, na ndiyo inayomwangamiza.

Historia hii haikugunduliwa nasi. William Empson, katika kitabu chake The Structure of Complex Words cha mwaka 1951, aliifuatilia hatua kwa hatua, akahesabu mara 52 ambazo neno hili na nomino yake hutokea katika tamthilia hii moja. C. S. Lewis, katika Studies in Words cha mwaka 1960, alieleza mkondo mpana zaidi: maneno ya daraja hugeuka kuwa maneno ya maadili. 'Villain' alikuwa mkulima aliyefungwa kwenye shamba la bwana. Leo ni mwovu. 'Free', 'frank', 'noble' na 'gentle' yalikuwa majina ya hali ya kuzaliwa. Yakawa sifa za tabia. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kuuona mkondo huu, maana 'mshenzi' limepita njia ile ile ya 'villain', likianza na mtu wa bara asiye wa mji na kuishia na tusi. 'Honest' limefanya jambo la ajabu kidogo: lilipanda ngazi ya maadili huku likishuka ngazi ya tabaka. Kadiri lilivyozidi kumaanisha wema, ndivyo lilivyozidi kuwafaa wadogo.

Nani anamwita nani

Tukiisoma tamthilia kwa kuuliza swali hili la kawaida la matumizi ya lugha, yaani nani anamwita nani kwa neno gani, mambo hujipanga upya. Iago ni mbeba bendera. Cheo alichokitazamia, cha naibu wa jemadari, amepewa Cassio, Mflorensi ambaye kwa maoni ya Iago vita amevijua vitabuni. Malalamiko haya yanafungua tamthilia nzima. Kisha, kwa matendo matano, waliompita cheo wanamwita 'honest' kwa zamu. Othello anamwita hivyo mbele ya baraza la Venice. Cassio, aliyeketi katika kiti ambacho Iago anaamini ni chake, anamwita hivyo akimtakia usiku mwema. Desdemona anamsifu hivyo kwa ukunjufu wa bibi anayemzungumzia mtu wa nyumbani. Hakuna hata mmoja anayekusudia kumtukana. Hapo ndipo lilipo tusi.

Sasa tutazame upande wa pili. Iago anapomweleza Othello akiwa peke yake jukwaani mwishoni mwa Tendo la Kwanza, anamsifu kwa tabia iliyo 'free', na kwa kuwadhania watu kuwa 'honest' mradi waonekane hivyo. 'Free' wakati ule lilikuwa bado na mwangwi wa hali ya mtu huru, aliyezaliwa kwa ubora, mkarimu kwa sababu hana wa kumwogopa. Na ni nani anayepewa neno hili? Ni mtu ambaye katika onyesho hilo hilo amelieleza baraza kwamba aliwahi kutekwa na adui, akauzwa utumwani, kisha akakombolewa. Aidha, katika onyesho lililotangulia alikuwa amedai nasaba ya kifalme. Iago, mzaliwa wa Venice ambaye hakuwahi kuuzwa na mtu, anamtazama mtumwa wa jana na kumwita huru, huku yeye akibaki na neno la watumishi. Coleridge alimwona Iago kama mtu anayetafuta sababu za uovu usio na sababu. Yamkini sababu ilikuwa ikirudiwa masikioni mwake katika kila onyesho.

Na Othello mwenyewe? Hatujiingizi katika mjadala wa zamani kuhusu unyofu wake, ambao Bradley aliupa sura moja mwaka 1904 na Leavis akaupindua mwaka 1937. Tunalisisitiza jambo dogo tu. Mwishoni, baada ya kumwua mkewe, Othello anapotakiwa kujitafutia jina, analichukua neno la 'honour' na kujiita muuaji wa heshima. Punde kabla ya hapo anayataja maneno haya mawili ya shina moja, 'honour' na 'honesty', katika swali moja, akitaka kujua kwa nini la kwanza liendelee kuishi baada ya la pili. Kwake yeye ni heshima. Kwa mbeba bendera wake ilikuwa ule mwingine, mdogo wa heshima.

Amana

Hapo ndipo mtafsiri wa Kiswahili anapopoteza kitu na kupata kingine, na tulichopata ndicho tunachotaka kukikalia kwa muda. Tunachopoteza ni undugu wa 'honour' na 'honest'. Heshima na uaminifu hazina mzizi mmoja, na swali lile la Othello, likitafsiriwa, linakuwa swali la busara tu badala ya kuwa neno linalojikata lenyewe.

Tunachopata ni mzizi wa Kiarabu ulioizalia Kiswahili familia nzima: amini, imani, amana, amani, mwaminifu. Mwaminifu wa pwani si msema kweli tu. Ni mtu ambaye unaweza kumwekea kitu chako, ukasafiri, ukarudi ukakikuta. Anayekivunja kifungo hicho si mwongo, ni khaini. Katika miji iliyoishi kwa biashara ya baharini, ambamo mali ya mtu ilikuwa miezi mingi mikononi mwa mwingine, maana hii haikuwa pambo la mahubiri. Mtume Muhammad, kabla ya utume, alijulikana Makka kwa lakabu ya Al-Amin, na lakabu hiyo alipewa mtu wa misafara na biashara.

Hebu sasa tuirudie hadhara ya baraza katika Tendo la Kwanza. Brabantio, baba mtu, ameondoka akimwonya Othello kwamba binti aliyemdanganya babaye huenda akamdanganya na mume. Othello anajibu kwa kuweka maisha yake dhamana juu ya imani ya mkewe. Katika pumzi inayofuata anamgeukia Iago, anamwita kwa neno tunalolichunguza, na kumkabidhi Desdemona amsafirishe hadi Cyprus. Kwa Kiingereza, imani ya mke na sifa ya mbeba bendera ni maneno mawili yaliyokaribiana kwa bahati. Kwa Kiswahili ni neno moja lililopasuka: imani ya Desdemona, na amana ya Desdemona aliyowekewa mwaminifu Iago. Mhakiki anayesoma kwa lugha yetu analiona tendo zima katika mistari miwili. Othello ameweka imani mahali pasipostahili amana, na kile atakachokipoteza katika Tendo la Tatu, akiyaaga majeshi na utulivu wa moyo wake, kinaitwa amani. Shakespeare hakuyajua haya, na hatudai kwamba aliyajua. Tunadai kwamba muundo uliokuwamo katika tamthilia unaonekana vizuri zaidi kutoka upande huu wa bahari.

Mwaminifu lina faida nyingine: humfaa mwanamke na mwanamume. Mke mwaminifu, mtumishi mwaminifu, rafiki mwaminifu, hatubadilishi neno. Kwa hiyo onyesho la mtego linaweza kusimama. Othello anauliza kama Cassio ni mwaminifu, Iago analirudisha neno kama mwangwi bila kujibu, na neno linaanza kusogea: kutoka kwa Iago anayesadikiwa kwa sababu ni mwaminifu, hadi kwa Cassio ambaye uaminifu wake umetiliwa shaka, hadi kwa Desdemona ambaye hajatajwa bado lakini tayari ameshahukumiwa. Othello anaamini ni neno moja lenye maana moja. Iago anajua ni maneno matatu yaliyovaa vazi moja. Wanafunzi wetu sita walimnyang'anya Iago silaha yake kwa wema wa kutaka kueleweka.

Neno ambalo Iago hapewi

Kuna pingamizi. Kama mwaminifu ni neno kubwa kiasi cha kumfaa Al-Amin, litawezaje kubeba ile chembe ya dharau tuliyoisema? Jibu linapatikana katika historia yetu ya karibu. Katika Kenya ya kikoloni, mpishi au boi aliyeacha kazi alibeba barua ya bwana wake ili imsaidie kupata kazi nyingine, na sifa iliyotafutwa na msomaji wa barua ile ilikuwa hii hii, 'honest'. Tafsiri yake ilikuwa mwaminifu. Aliyeandika barua hakukusudia kwamba mtu huyu ana heshima mjini kwao, au kwamba neno lake lina uzito barazani. Alimaanisha kwamba vijiko havitapotea. Mtu mzima mwenye wake na mashamba aliitwa boi na kusifiwa kwa uaminifu katika sentensi moja, ilhali shingoni amening'iniza kipande. Tabasamu aliyoipokea nayo barua ile ndiyo tunayoikosa tunapomsoma Iago kama shetani tu. Simtetei Iago; maelfu waliipokea barua hiyo na hawakumwua mtu. Ninasema tu kwamba tunalijua neno lile linavyosikika likitoka juu.

Neno ambalo barua ile haikuweza kulitaja ni muungwana. Katika miji ya mwambao muungwana alikuwa kwanza kabisa mtu asiye mtumwa: mwenyeji, mwenye nasaba, mwenye dini, mwenye adabu za mji. Ni neno la daraja kama lilivyokuwa 'free'. Katika karne ya 19 liliingia barabarani pamoja na misafara. Wapagazi na askari wa misafara hiyo, wengi wao wakiwa watumwa au watu walioachwa huru, walijiita waungwana mbele ya watu wa bara, na hata lugha yao kule mashariki mwa Kongo ikaitwa Kingwana. Kwa upande wa pili, chini ya dola ya Zanzibar, ustaarabu ulianza kuchukua nafasi ya uungwana kama kipimo cha juu. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria, Zanzibar mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, neno lilibaki bila kinyume chake cha kisheria, na hapo likakamilisha safari ambayo Lewis aliieleza kwa Kiingereza. Leo muungwana ni mstahifu, mpole wa kauli, mtu asiyekutia aibu.

Methali inatunza ushahidi wa pande zote mbili. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Waalimu hulifasiri 'mja' hapa kuwa binadamu yeyote, na fasiri hiyo inakubalika, lakini mja ni mtumwa pia, na methali ikisikika hivyo inakuwa kauli ya tabaka: wao husema, sisi hutenda. Kisha tabaka lilipodhoofika, methali ile ile ikageuka mlango: atendaye ndiye muungwana, awe amezaliwa wapi. Na iko nyingine, muungwana akivuliwa nguo huchutama, ambayo inaweza kutusaidia na hotuba ya mwisho ya Othello. T. S. Eliot, mwaka 1927, alimshutumu Othello kwamba pale anajiliwaza, anaukwepa ukweli kwa kujipamba. Huenda. Lakini mtu aliyevuliwa kila kitu mbele ya mabalozi wa Venice, akianza kwa kuwakumbusha kwa adabu utumishi wake kwa dola, kwa macho yetu anachutama. Mwenye kumcheka kwa hilo hajawahi kuvuliwa.

Kwa mintarafu ya tafsiri, basi, pendekezo letu ni kwamba mwaminifu litumike kila mahali pa 'honest', bila kujali ladha ya mstari mmoja mmoja, na muungwana liwekwe akiba kwa ajili ya 'free' na 'noble', ambayo mara nyingi humwendea Othello. Tunafahamu kwamba pendekezo hili lina gharama. Katika Tendo la Tano, Bianca, mwanamke anayeitwa kahaba na Emilia, anajibu kwamba maisha yake ni 'honest' sawa na ya anayemtukana. 'Mwaminifu' pale litasikika butu kidogo kuliko 'msafi'. Tunaikubali gharama hiyo. Kila mtafsiri ni mhakiki apende asipende. Nyerere alipoiita tamthilia ya mfanyabiashara mmoja wa Venice Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, alichagua maana moja miongoni mwa nyingi, akaibadilisha nambari toka umoja hadi wingi, na tangu hapo msomaji wa Kiswahili huingia katika tamthilia ile akiwa ameshaambiwa imehusu nini. Lililo muhimu ni kwamba alijua anachagua.

Pamoja na hayo, kuna mahali ambapo mtafsiri hatahitaji kuchagua. Katika onyesho la mwisho Othello anamweleza Emilia kwamba aliyemfichulia habari za mkewe ni mume wake Emilia, yule 'honest'. Emilia ni mtumishi. Ni wa chini kuliko wote waliomo chumbani, naye ameishi na Iago miaka kuliko yeyote. Othello analirudia neno lake, akilirundika juu ya lenyewe. Emilia halipokei wala halikanushi. Anauliza tu, tena na tena, kama mtu aliyepigwa: mume wangu?